Kaburi la Simu Mbili

Siku ile simu ya baba ilipoacha kupokea kashfa kutoka Nzega, lawama zote niliangushiwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeinunua.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida. Nina hasira za karibu, na hilo mtaa mzima unalijua, hata kuku wa jirani. Baba yeye yuko Iguguno, analima alizeti na mahindi, na ana mtani wake Nzega. Sisi ni Wanyiramba, watu wa mlenda, yule ni Mnyamwezi, kizazi cha wapagazi. Kwa asiyeyajua mambo haya, nimweleze upesi: mtani ni mtu mwenye ruhusa ya kukukashifu mbele ya wakwe zako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Akikuta koti lako limetundikwa, analivaa. Ukifa, anakuja msibani kukucheka, na watu wanampa chai. Ukikasirika, mshamba ni wewe.

Hawa wawili walijuana zamani mnadani, baba akiuza mbuzi, mwenzake akinunua, wote wawili wakiapa kwamba wanaibiwa. Tangu hapo wakawekeana sharti kwamba hakuna kusalimiana kistaarabu. Atakayemwamkia mwenzake kama mtu na akili zake, anatoa jogoo. Nimekua nikisikia “Wewe mpagazi, bado hujafa?” na “Nife nimwachie nani mlenda wenu?” ndipo chai inamiminwa. Jogoo hajatolewa hata mmoja.

Mama alipofariki, mtani huyu alikuja. Kaburi lilipokuwa tayari, akaingia ndani, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani. Akasema hatoki mpaka alipwe, maana marehemu alikuwa mwanamke mzuri sana, aliharibika siku alipokubali kuolewa na mla mlenda. Baba alikuwa hajala wala hajasema neno tangu mama akate roho. Akachungulia shimoni, akamwona yule mzee mzima amelala na viatu vyake, akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, na sisi watoto wake tukaweza kupumua.

Kabla ya kuondoka, mtani aliniita pembeni. “Mwanangu, nitafutie simu mbili za kufanana, yangu na yake. Huyu mzee anabaki peke yake na nyumba nzima hii. Nitakuwa namkashifu kila asubuhi. Asipojibu, nitajua.”

Nikanunua simu mbili, za aina moja, duka moja, siku moja. Zikawekewa ile apu ya kutumiana meseji za sauti, na maisha yakaanza upya. Kila kukicha Nzega inatuma: “Mla mlenda, amka, nyani wamemaliza shamba lako na wanasema mahindi hayana ladha.” Iguguno inajibu: “Hao nyani ni wajomba zako, waambie warudishe jembe.” Baba alikuwa anazisikiliza kwa sauti kubwa huku ananyoa ndevu kibarazani, mpaka majirani wakawa wanazisubiri kama taarifa ya habari.

Halafu asubuhi moja akanipigia, nikiwa na sketi ya mteja mezani.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Njoo uchukue simu yako. Imenifukuza.”

Nikaenda. Ukifungua ile apu, kioo kilikuwa kinaandika kwa Kiswahili safi kabisa: “Programu hii haitumiki tena kwenye simu yako. Tafadhali tumia simu mpya zaidi.” Basi, hakuna kingine. Ukibonyeza chini inakwambia hivyohivyo, ukibonyeza juu inakwambia hivyohivyo.

“Haitumiki, nani kasema?” baba akauliza. “Mimi jana nimeitumia. Juzi nimeitumia. Mtu amekaa huko aliko, hajui hata Iguguno iko upande gani, amejuaje kwamba haitumiki?”

Nikaipeleka mjini kwa fundi simu. Akaigeuzageuza, akasema simu ni nzima, ila apu ndiyo imeikataa. Eti kila siku wanaongeza mambo mapya, ya kuzuia wezi, ya picha, ya mapambo, na simu za zamani haziwezi kubeba.

“Haziwezi,” nikamuuliza, “au zinafanywa zisiweze?”

Akatabasamu. “Hapo sasa dada yangu mimi sijui. Ila nina mpya hapa, nzuri, ina kamera tatu.”

Jamani! Mtu ana macho mawili, kamera ya tatu ni ya nani? Nikatoka pale nimefura. Mimi cherehani yangu ni ya bibi, mama yake mama. Inashona mitindo ambayo bibi mwenyewe angeiona angeomba maji. Haijawahi hata siku moja kusimama katikati ya mshono ikaniambia, samahani mama, siku hizi vitenge havishonwi tena kwa cherehani ya aina yako. Ikikwama naitia mafuta, inaendelea. Sasa hawa wenye simu wana nini?

Sisemi kwamba najua kinachofanyika huko wanakozitengeneza. Inawezekana fundi anasema kweli, mzigo umekuwa mkubwa na punda amezeeka. Lakini baba aliuliza swali moja ambalo mpaka leo sijapata wa kulijibu. Alisema, “Mimi hayo mapya sikuyaomba. Si wangeniachia ya zamani niendelee nayo?”

Nilipomrudishia simu Iguguno, nikamwambia nitamnunulia nyingine. Akakataa katakata. “Ukinunua leo, watakuwa wameshajua dawa yetu. Kesho watakataa na hiyo.”

“Basi mpigie mtani wako simu ya kawaida, umweleze.”

Akanitazama kama niliyemwambia avae gauni. “Nimpigie nianze na nini? Simu inaanza na hujambo. Nitoe jogoo kwa ajili ya kampuni?”

“Si umtukane tu ukishapiga?”

“Nikitukana halafu nikaeleza kwamba simu imeharibika, hiyo si ni kuomba radhi? Sasa hivi ninavyoongea na wewe yule ananisema huko, ananisema, anaona kimya. Anajua amenimaliza.” Akashika kidevu. Hapo ndipo nikaona kwamba hakuwa amenyoa. Kibaraza kilikuwa kimya, kioo chake cha kunyolea kimegeuziwa ukutani, na mimi nikamwonea huruma kweli. Ule ugomvi wa asubuhi ndio uliokuwa unamtoa kitandani.

Lakini baba yangu hakosi mpango. Aliniambia tatizo la simu ile ni uchovu. Ng'ombe wa kulima akilala kwenye mfereji humpigi fimbo, unamfungua nira, unampumzisha, akishiba analima mwenyewe. Akaizima simu, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda kuichimbia ndani ya kihenge cha kuhifadhia alizeti, ipate ubaridi.

“Baba, simu si ng'ombe.”

“Ndiyo maana nimeiweka kwenye alizeti. Ingekuwa ng'ombe ningeipa majani.”

Nikarudi Unyambwa kushona.

Simu ikapumzika. Ilipumzika siku za kutosha, na mimi nikazama kwenye sare za kwaya, mpaka asubuhi moja jirani yetu wa Iguguno, mama mmoja mpole sana, akanipigia. Sauti ilikuwa ya chini.

“Mwanangu, uko wapi? Umekaa? Kaa kwanza.”

Nikakaa.

“Jikaze, mama. Mzee ametutoka.”

Nililia. Sioni haya kusema, nililia mpaka mteja aliyekuja kupima gauni akaanza kunisaidia kulia kabla hajajua tunamlilia nani. Nilivaa kanga mbili, nikasahau kufunga duka, nikarudi nikafunga, nikasahau viatu vizuri, nikaondoka na ndala. Njia nzima nilikuwa nakiona kile kioo kilichogeuziwa ukutani. Nilijisemea, wamemuua. Watu wenye apu yao wamemuua baba yangu kwa upweke.

Nilipofika nyumbani, msiba ulikuwa umeshika kasi. Turubai lilikuwa limefungwa. Kina mama wa Kikristo na wa Kiislamu walikuwa wamegawana mafiga, huku wali, kule mboga. Vijana walikuwa wameshachimba kaburi nusu kimo cha mtu, pembeni ya la mama. Na katikati ya uwanja alikuwa anatembea mtani wa baba, amevaa koti la baba, kofia ya baba, anakohoa kama baba, anasema, “Mimi mla mlenda nimekufa kwa ubahili, nilikuwa naogopa kumaliza pumzi!” Watu wanalia, watu wanacheka, ndivyo ilivyo.

Nikamwangukia. “Shikamoo baba mdogo. Baba yuko wapi? Nataka nimwone.”

Akaacha kukohoa. “Na mimi nilitaka kukuuliza. Mmemweka hospitali gani?”

Nikamgeukia yule mama mpole. “Yuko wapi?” Akasema yeye alimsikia mtani analia barabarani, akajua habari imeshafika mpaka Nzega. Jirani wa pili akasema yeye alisikia kwa huyu wa kwanza. Wa tatu alisema alifia hospitali mjini, ila hakumbuki nani alimwambia. Waliochimba kaburi walisema wao wameambiwa wachimbe.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Mtani alikaa siku nyingi bila kuisikia sauti ya baba, akashindwa kuvumilia. Akapiga simu, haipatikani. Akapiga kesho yake, haipatikani, maana simu ilikuwa imelala kwenye alizeti. Mwisho akapanda basi, akateremka Iguguno, akakuta mlango umefungwa na ng'ombe hawapo. Akabisha, kimya. Akaliona koti la rafiki yake, ambalo mzee haliachi hata jua likiwaka, limetundikwa kibarazani, akajua amechelewa. Akalivaa, akatoka nalo barabarani akilia. Na wewe fikiria: mtani wa mtu ametoka Nzega, amevaa koti lake, analia. Nani atasimama amuulize una hakika? Mtani haji bure.

Tukiwa hapo tunatazamana, nikaona baiskeli inakuja kutoka upande wa mashamba ya mbali. Juu yake jembe. Juu ya jembe baba yangu.

Aliuona umati nyumbani kwake. Akateremka. Akavua kofia ya shamba, akalaza baiskeli taratibu, uso umemwanguka, akaja kwa adabu zote mpaka kwa mama mmoja aliyekuwa anapepeta mchele.

“Poleni jamani,” akasema, na machozi tayari. “Nani ametutoka?”

“Mwenye nyumba,” yule mama akajibu bila kuinua kichwa.

“Mwenye nyumba yupi?”

Mama akainua kichwa. Ungo ukaenda huku, mchele ukaenda kule, na yeye mwenyewe akaenda kusikojulikana. Uwanja ulipasuka. Kuna mzee mmoja ambaye kwa mwaka mzima alikuwa anatembelea mkongojo. Siku ile mkongojo ulibaki peke yake. Mimi nikakaa chini palepale na kanga zangu mbili, nikawa nacheka na kulia kwa pamoja, sijui kipi kilianza.

Akabaki mtani amesimama katikati, ndani ya koti la mtu aliye mbele yake. Wakaangaliana. Nilisubiri kashfa. Mtu amekukuta hai baada ya kukulilia mpaka sauti imekauka, lazima ana la kusema. Akafungua mdomo, ukatetemeka, akaufunga. Akafungua tena.

“Hujambo, ndugu yangu?” akasema. “Habari za hapa?”

Uwanja mzima ukasikia. Hata waliokuwa wamejificha nyuma ya kihenge wakachungulia.

Baba angeweza kushinda pale. Maisha yao yote walikuwa wanangoja siku hiyo.

“Sijambo,” baba akasema. “Nzuri, ndugu yangu. Karibu nyumbani.”

Wakashikana mikono kama makarani, wamepinda shingo, kila mmoja anaangalia chini. Halafu baba akavuta pua, akanusa hewa upande wa jikoni, akageuka ghafla.

“Nani amechinja jogoo wangu?”

Ikawa hakuna wa kumlipa mwenzake, maana wote wawili walishashindwa na jogoo alishakuwa chunguni.

Wakati watu wanarudi mmoja mmoja, wengine bado wanamgusa baba kwa kidole, tukaenda kufukua simu kwenye kihenge. Mtani naye akatoa yake mfukoni. Tukaziwasha, tukazilaza juu ya mkeka, tukafungua apu. Zote mbili zikaandika maneno yaleyale: programu hii haitumiki tena kwenye simu yako.

“Na yako?” baba akauliza.

“Tangu siku ileile. Mimi nilidhani wewe unanitumia matusi huko, unaniona sijibu.”

“Na mimi nilidhani wewe!”

Kumbe siku zote zile hakuna aliyekuwa anamkashifu mwenzake. Kila mmoja alikuwa amekaa kwake, ananyong'onyea kwa matusi ambayo hayakutumwa.

Nikawaeleza aliyosema fundi: mzigo umezidi, simu zimezeeka, wezi wa mitandaoni. Mtani akanisikiliza vizuri, kisha akasema, “Mwanangu, ng'ombe mmoja akifa unasema ameugua. Ng'ombe wawili wakifa siku moja, mmoja Nzega, mmoja Iguguno, huulizi ugonjwa. Unauliza nani kapita na sumu.”

“Labda umri wao ni mmoja, baba mdogo. Nilizinunua pamoja.”

“Mimi na huyu mla mlenda umri wetu ni mmoja. Mbona hatujafa siku moja?”

“Wewe umeshakufa, ni vile hujaambiwa,” baba akasema, na watu wote pale wakashusha pumzi, wakajua mambo yamerudi mahali pake.

Likabaki suala la kaburi. Wachimbaji walisema wao wameshalifungua shimo, na kila mtu anajua shimo la mtu halifukiwi tupu, litadai. Kwingine huwa wanazika mgomba. Iguguno mgomba utautoa wapi? Wazee wakakaa, wakashauriana kwa uso wa kazi kabisa, na kabla jua halijatua ikapitishwa kwamba zizikwe simu.

“Kwanza zitolewe laini,” baba akasema. “Marehemu hazikwi na laini.” Mimi nikasema na betri zitolewe, zile ni sumu, zisije zikaua mahindi. Zikatolewa. Mtani akashuka kaburini kuzipokea, na kwa kuwa ni yeye, akajilaza kidogo apime urefu, akasema panatosha. Akatoa na wasifu: “Marehemu hawa walizaliwa dukani. Walikuwa wazima wa afya mpaka waliowaumba walipoamua kwamba ni wagonjwa. Wameacha chaja mbili.” Kwaya ikaimba ubeti mmoja, kwa sababu ilikuwa imeshakuja na haikutaka kurudi bure. Tukafukia. Wali ulikuwa mtamu, na jogoo alikuwa mgumu, mzee kama wenyewe.

Mtani alikaa Iguguno mpaka macho ya watu yakazoea kumwona na koti lile. Siku ya kuondoka nikawaletea kila mmoja kitochi, kale kadogo ka kubonyeza, kenye tochi kichwani. Hakana apu wala kioo cha kukufukuza. Baba akauliza kama kana meseji za sauti. Nikamwambia hakana. Wakaenda pembeni, wakanong'ona kama watoto waliovunja chungu, wakarudi na mpango wao.

Sasa hivi mambo yao ni kubip. Alfajiri Nzega inabip mara moja: mla mlenda, umeamka? Iguguno inabip mara mbili: nimeamka, mpagazi wee. Mara tatu ina maana ambayo baba amekataa kunifafanulia, kasema mimi ni mtoto wa kike. Hakuna anayepokea, kwa hiyo hakuna anayelazimika kusema hujambo. Baba ananyoa tena, simu iko juu ya ukingo wa kibaraza, na majirani wanalalamika kwamba siku hizi hawasikii habari.

Wiki moja baada ya mtani kuondoka, kabla hakujapambazuka vizuri, simu yangu ililia mara moja ikakatika. Nikatazama, ni baba. Nikampigia hapohapo.

“Shikamoo baba! Kuna nini?”

“Marahaba. Sasa umepiga kwa nini?” Alikuwa mkali. “Umeniharibia. Wewe unatakiwa ubip.”

“Nibip nini, baba?”

“Nijue umeamka,” akasema, akakata.

Basi nami siku hizi nabip, kila asubuhi, kabla sijakanyaga cherehani. Nabip mara moja tu. Mbili ni za watani.